Nairobi–Mombasa ni Dakika 40 Hewani, Mbona Kutoka Eastlands Inakula Nusu Siku? Hesabu Yote Hii Hapa

Simu iliingia saa kumi na moja na nusu asubuhi. Beshte yangu wa Majengo, pale Pumwani, alikuwa bado amejifunika. Aliyepiga ni mjomba wake wa Kisauni, Mombasa. Nyanya ameaga usiku, na mazishi ni leo, baada ya swala ya Alasiri.

Kwa Waislamu maiti huzikwa mapema, mara nyingi siku hiyo hiyo. Na Alasiri pale Mombasa huingia kabla ya saa kumi jioni.

"Mjomba, nakuja na ndege," beshte akasema. "Ni dakika arobaini tu."

"Haya mwanangu, njoo. Lakini fanya haraka, watu hawatangoja."

Msee akatoa doh yote aliyokuwa ameweka ya rent, akakata tiketi ya saa tatu na nusu asubuhi. Akapiga hesabu: airport iko hapo tu Embakasi, nikitoka saa mbili nitafika mapema. Saa mbili kamili alikuwa ndani ya teksi. Jogoo Road haikuwa mbaya, kwa sababu asubuhi jam ni ya watu wanaoingia tao, na yeye alikuwa anatoka. Shida ilianza Outer Ring. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na kila mtu wa kwenda Industrial Area alikuwa barabarani. Alipofika kwa kaunta ilikuwa saa tatu na dakika tano. Ndege ilikuwa bado iko chini. Angeweza hata kuiona kwa dirisha. Lakini kaunta ilikuwa imefungwa.

Nafasi iliyopatikana ilikuwa ya saa tisa. Akalipa tena. Ndege ikatua Mombasa saa kumi, na alipofika Kisauni ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Akapata wazee wamesharudi, mikeka imetandikwa nje, watu wanakunywa kahawa. Kaburi lilikuwa limeshamwagiwa maji.

Aliporudi mtaani aliniuliza swali moja: "Dakika arobaini si ni dakika arobaini? Zile zingine zote zilienda wapi?"

Nimekaa na hilo swali. Na kwa sababu sisi wa Eastlands tunaishi chini ya hizi ndege kila siku, nimeona tulijibu vizuri, ili siku yako ikifika usichomeke.

Umbali wenyewe ni gani?

Tuanze na ile rahisi. Kutoka JKIA hadi uwanja wa Moi pale Mombasa, ukipima kwa mstari ulionyooka juu ya ardhi, ni kama kilomita 422. Marubani hutumia maili za baharini, na moja ni sawa na kilomita 1.852, kwa hivyo wao watakuambia ni kama 228.

Sasa linganisha. Reli ya SGR kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kilomita 472. Barabara nayo ni kama 480. Kwa hivyo ndege inaokoa kilomita hamsini ama sitini hivi. Si nyingi vile watu hufikiria. Barabara ya Mombasa yenyewe imenyooka sana, kona si mob. Kinacholeta tofauti ni mwendo.

Ndege ya jeti kama Embraer 190, ikishafika juu na kutulia, hukimbia zaidi ya kilomita 800 kwa saa. Ukigawa 422 kwa 800 unapata dakika 32 hivi. Hapo ndipo mtu huanza kujidanganya. Anafikiria ndege ni kama nganya iliyopata barabara tupu: inatoka steji, inakanyaga, inafika. Haiko hivyo.

Mbona si dakika 32, na mbona tiketi inasema saa moja?

Ndege haiko kwa mwendo wake wa juu safari nzima. Kwa safari fupi kama hii, muda mwingi inapanda ama inashuka.

Cheki inavyoenda. JKIA iko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Mombasa iko kama mita 60. Ndege ikiruka, mara nyingi hutazama kaskazini mashariki, kwa sababu ndege huruka ikiukabili upepo, na upepo wetu hutoka sana upande wa mashariki. Ndiyo maana watu wa Utawala na Mihang'o huziona zikipita juu yao zikiunguruma. Lakini Mombasa iko kusini mashariki. Kwa hivyo lazima ikate kona kulia kwanza ndiyo ianze safari yenyewe.

Halafu inapanda. Na huku chini kuna sheria ya mwendo: chini ya futi 10,000 ndege kwa kawaida haizidi noti 250, ambayo ni kama kilomita 460 kwa saa. Hapa Nairobi tuko tayari futi zaidi ya 5,000 juu, kwa hivyo ikitoka inavuka hiyo mipaka haraka. Kule Mombasa ni tofauti. Ikishuka, inakaa chini ya hizo futi 10,000 kwa muda mrefu zaidi, ikitambaa kwa mwendo wa adabu.

Kushuka nako kuna hesabu yake ya zamani ambayo marubani hutumia: kila futi 1,000 unazotaka kushuka, anza kama maili tatu za baharini kabla. Sema ndege iko futi 27,000. Mara tatu, inakuja maili 81, yaani kilomita 150. Kumaanisha ukishapita nusu ya safari na kidogo, rubani tayari anapanga kushuka. Ukitoa kilomita 150 za kushuka na zingine karibu hizo za kupanda, zinabaki kama 120 tu ambazo ndege inakimbia kwa mwendo wake wote. Ndiyo maana kwa hii safari soda yako huletwa mbio mbio na kikombe kuchukuliwa kabla hujamaliza.

Ukijumlisha hayo yote, jeti hukaa hewani kama dakika 40 hadi 45. Ndege ya propela kama Dash 8 huchukua zaidi kidogo, kwa sababu mwendo wake ni kama kilomita 650 kwa saa.

Na ile saa moja ya tiketi? Muda wa tiketi hauhesabiwi kutoka magurudumu yanapoachana na lami. Unahesabiwa kutoka ndege inaposukumwa kutoka mahali ilipoegeshwa Nairobi, hadi inaposimama kabisa na kuzima injini Mombasa. Ndani ya hiyo saa kuna kutembea chini kuelekea njia ya kurukia, kupanga foleni, kuruka, kutua, na kutembea tena hadi kwa jengo. JKIA ina njia moja tu ya kurukia, urefu wake zaidi ya kilomita 4, na hiyo hiyo moja inatumiwa na zinazoruka na zinazotua. Kama kuna ndege tatu mbele yako, unangoja. Mashirika ya ndege yanajua hivyo, kwa hivyo huongeza dakika kadhaa kwa ratiba. Ndiyo maana wakati mwingine unatua na kuambiwa mmefika mapema.

Kisumu iko karibu zaidi, mbona muda ni karibu ule ule?

Hapa ndipo utaona hiyo hesabu si uongo. JKIA hadi Kisumu ni kama kilomita 280. Mombasa ni 422. Tofauti ni kilomita 140, hiyo ni kama kutoka Nairobi hadi karibu na Nakuru. Lakini kwa ratiba, Kisumu nayo ni chini kidogo tu ya saa moja.

Sababu ni kwamba zile dakika za kusukumwa, kupanga foleni, kupanda, kushuka na kutembea chini hazipungui hata kama unaenda karibu. Ni kama mathree: iwe unashukia Burma ama Buru, lazima kwanza ingoje kujaa. Kilomita za ziada huwa zinaliwa kule juu, ambako ndege inamaliza kilomita 13 au 14 kwa dakika moja. Kilomita 140 zaidi ni kama dakika kumi tu.

Kwa hivyo ukiwa na safari fupi, usiulize sana umbali. Uliza ni dakika ngapi zitatumika kabla na baada ya ndege kuruka.

Kwenda na kurudi si sawa kila mahali

Kuna kitu kingine wasee huuliza: mbona kuna safari ambazo kwenda ni muda mwingine na kurudi ni mwingine, na njia ni ile ile?

Mfano mzuri tunao hapa hapa. Oktoba 2018 Kenya Airways ilianza safari ya moja kwa moja Nairobi hadi New York, umbali wa karibu kilomita 11,800. Kwenda ilipangiwa kama masaa 15, kurudi kama 14. Hilo lisaa moja linatoka kwa upepo. Kule kaskazini, juu kabisa ndege zinakopita, kuna mito ya upepo mkali sana inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda Marekani unapigana nayo. Ukirudi inakusukuma mgongoni.

Hapa kwetu karibu na ikweta upepo wa juu kwa kawaida si mkali hivyo, na safari ni fupi. Kwa hivyo Nairobi–Mombasa na Mombasa–Nairobi hutofautiana dakika chache tu, huwezi hata kuona. Kama umechelewa Mombasa, usisingizie upepo.

Sasa tuje kwa shida yenyewe: kutoka kwa keja hadi kwa kaunta

Hapa ndipo masaa ya beshte wangu yalipotelea.

Kuna kitu vijana wengi wa mtaa hawajui. Kabla ya 1958, ndege za abiria za Nairobi zilikuwa zinatua Eastleigh, pale ambapo leo ni kambi ya jeshi la anga ya Moi. Mtu wa Majengo angetembea tu na miguu. Halafu mwaka huo wa 1958 uwanja mpya ukafunguliwa kule Embakasi, uwanja ambao wafungwa waliokamatwa wakati wa Hali ya Hatari walifanyishwa kazi ngumu kuujenga. Jumba kubwa la abiria likafunguliwa 1978, na mwaka huo huo Mzee Kenyatta alipoaga, uwanja ukapewa jina lake. Ndege zimekuwa za kasi, lakini uwanja ulisogea, na kati yake na sisi pakajaa magari.

Ukiangalia ramani, airport iko Eastlands. Kutoka Donholm ama Fedha ni kilomita chache tu. Lakini hizo kilomita ndizo ghali zaidi kwa safari nzima. Kilomita 120 za katikati hewani zinaliwa kwa dakika tisa. Kutoka Donholm hadi Taj wakati wa jam, hizo dakika tisa zinaweza kuisha kama bado unaangalia taa za nyuma za lori moja.

Na Expressway? Ni kweli imesaidia tangu 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Lakini imesaidia zaidi wa Westlands na wa tao, kwa sababu inafuata Mombasa Road. Sisi jam yetu iko Outer Ring, kabla hata hatujaiona hiyo barabara ya juu.

Ukifika geti la airport bado hujafika. Hapo kwanza kuna ukaguzi wa usalama. Ukifika kwa jengo, unapitisha mzigo na mwili kwa mashine tena. Halafu kaunta. Halafu ukaguzi mwingine kabla ya geti lako la kupandia.

Na kaunta hazingoji ndege iondoke ndiyo zifunge. Mashirika mengi hufunga kati ya dakika 30 na 45 kabla kwa safari za ndani, kwa sababu lazima wajue idadi ya watu, uzito, mizigo ipakiwe, na milango ifungwe kabla ya muda wa tiketi. Huo muda ulioandikwa ni wa ndege kuanza kusogea. Beshte alifika dakika 25 kabla. Kwa akili yake alikuwa amewahi. Kwa sheria ya kaunta alikuwa amechelewa tayari.

Ndege, SGR ama basi: hesabu ya mlango hadi mlango

Tuchukue msee wa Buru anayeenda Kisauni, siku ya kazi, asubuhi.

*Ndege ya saa tatu na nusu.* Anatoka kwa keja saa kumi na mbili na nusu. Anafika airport saa mbili kasoro hivi, hata kama Outer Ring imekataa kusonga. Ndege inasogea saa tatu na nusu, inasimama Mombasa saa nne na nusu. Dakika ishirini za kushuka na kuchukua begi. Uwanja wa Moi uko bara, upande wa Port Reitz, kwa hivyo kwenda Kisauni lazima apite Changamwe, aingie kisiwani, avuke daraja la Nyali. Saa sita mchana yuko mlangoni. Jumla: masaa matano na nusu. Hewani: dakika 40.

*SGR ya asubuhi saa mbili.* Stesheni iko Syokimau, kwa hivyo jam ni ile ile ya kwenda airport, na huko pia kuna ukaguzi. Anatoka saa kumi na mbili. Treni ya asubuhi husimama stesheni za njiani kama Emali, Mtito Andei na Voi, na hufika Miritini kama saa nane mchana. Kutoka Miritini hadi Kisauni ongeza saa moja. Jumla: kama masaa tisa. Treni isiyosimama sana huchukua kama masaa matano kwa reli. Nauli ya kawaida ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 Januari 2024.

*Basi.* Masaa manane hadi kumi barabarani, kulingana na malori ya Mlolongo, Mtito na Mariakani. Ongeza kufika steji na kungoja lijae.

Kwa hivyo ndege bado ndiyo ya haraka. Lakini cheki vizuri: inashinda treni kwa masaa matatu na nusu hivi. Yule anayelinganisha dakika 40 na masaa matano anafikiria anaokoa zaidi ya masaa manne, na tena anafikiria anaweza kutoka nyumbani akiwa amechelewa. Hapo ndipo pesa na mazishi hupotea.

Na kuna kitu kilichomuuma beshte zaidi. Simu iliingia saa kumi na moja na nusu. Angekimbia Syokimau na apate nafasi kwa treni ya saa mbili, angeshuka Miritini saa nane na angewahi Alasiri. Alichagua chombo cha kasi zaidi, na akafika wa mwisho. Lakini pia hiyo hiyo ndege ya saa tatu na nusu ingemfikisha Kisauni mchana kabisa. Makosa hayakuwa ndege. Makosa yalikuwa kutoka Majengo saa mbili badala ya saa kumi na mbili na nusu.

Piga hesabu ukirudi nyuma

Usianze na saa ya kuruka. Anza na saa unayotakiwa kuwa mahali, halafu urudi nyuma hivi:

1. Saa unayotakiwa kufika mlangoni Mombasa. Toa saa moja na nusu ya kushuka, begi na barabara. Kama unaenda Likoni, kumbuka kuna feri, toa zaidi.
2. Toa saa moja ya tiketi. Hapo umepata ndege ya mwisho unayoweza kuchukua. Kama ni jambo la kufa na kupona, chukua ile iliyo kabla yake, maana ndege nayo hucheleweshwa.
3. Kutoka saa ya ndege, toa masaa mawili. Hiyo ndiyo saa ya kuwa ndani ya airport.
4. Toa saa ya barabara kutoka kwa keja yako. Chukua ile ya siku mbaya, siku ya mvua, mwisho wa mwezi.
5. Angalia kwa tiketi ni jengo gani na ni uwanja gani. Kuna ndege za Pwani zinazoruka kutoka Wilson, na kutoka Wilson hadi JKIA si mahali pa kukimbia ukigundua umepotea.
6. Kama huna mzigo mkubwa, maliza kujisajili kwa simu usiku ama asubuhi kabla ya kutoka, na ubebe begi ndogo. Geti bado litafungwa saa yake, lakini laini ya kaunta umeiepuka.

Beshte alienda Kisauni tena siku ya arobaini. Hiyo mara alichukua treni ya usiku, akafika alfajiri, akaenda moja kwa moja makaburini kabla watu hawajaamka. Mjomba alimkuta huko.

"Leo umewahi, mwanangu," akamwambia.

"Leo nilihesabu kutoka mlangoni, mjomba."